Aliyeinyamazisha Programu ya Chiriku

Saa mbili na nusu asubuhi, katika chumba cha kompyuta, Chiriku aliiwasha programu yake na skrini ikabaki tupu. Si neno, si alama ya kosa. Msichana aliyepachikwa jina hilo kwa kutofunga mdomo akamgeukia mwalimu wake.

"Shangazi, imekufa," alinong'ona.

Mwalimu alitupia jicho saa ya ukutani. Saa nne msimamizi wa hospitali angekuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kumwajiri, na programu ya huyu binti wa kaka yake, ya kuwaelekeza wagonjwa wageni, ndiyo iliyotarajiwa kushinda.

Aliufungua msimbo, yaani mistari ya maagizo ya programu. Juu kabisa palikuwa na alama tatu za kunukuu, ''', na chini kabisa tatu nyingine. Kilichobanwa katikati, kompyuta hukihesabu maneno tu, na kukipita bila kukitekeleza. Wanaojifunza huitumia hila hiyo kunyamazisha mistari kwa muda, kisha husahau kuzifuta alama.

"Umesahau kuzifuta?"

"Sijaziweka mimi! Hizi ni za mkia mmoja mmoja. Darasa zima tunaandika za mikia miwili, ulivyotufundisha."

Kweli kabisa. Kuna mtu aliyetaka Chiriku aonekane mzembe.

Waliofika kabla ya Chiriku walikuwa wawili. Bosi, bingwa wa majigambo, jana aligombana na Chiriku mbele za watu. Mpole, jirani wa Chiriku wa dawati, ndiye aliyemvutia kiti akae.

"Ulisema utamkomesha," mwalimu alimkabili Bosi.

"Nilisema, Mwalimu. Mdomo tu huo! Sijagusa kitu."

"Na wewe?"

"Programu yake sijawahi hata kuiona," alijibu Mpole.

Mwalimu alitamani sana mwovu awe Bosi, maana kijana huyo alimchosha, na tamaa hiyo ndiyo iliyomtia shaka. Akafuta zile alama, akaifungua programu kwenye kompyuta mbili, ikionekana mistari mitano ya juu tu.

"Inyamazisheni yote," aliwaambia wawili hao.

Bosi aliweka alama za mikia miwili, """, juu na chini. Likaruka kosa jekundu.

"Ala! Nini tena?"

"Ndani kuna maelezo marefu kwa wagonjwa, yamefungwa kwa alama hizo hizo. Kompyuta imezikuta ikadhani umemaliza."

Ya Mpole ilinyamaza bila kosa. Alikuwa ameanza na mkia mmoja, kabla hata hajateremka chini.

"Kazi zako zote za muhula zina mikia miwili," mwalimu alimwambia. "Leo umebadili kwa nini? Nani alikwambia kuna nini huko chini?"

"Nili... nilibahatisha."

"Hukubahatisha. Asubuhi ulijaribu ya mikia miwili, likakurukia hilo jekundu, ukatafuta njia nyingine."

Mpole aliinamisha kichwa. "Muhula mzima nampisha yeye, Mwalimu. Nafasi yenyewe ni moja."

"Basi ungeshindana naye. Toka nje, tutaonana ofisini."

Saa nne msimamizi alisimama nyuma ya Chiriku, skrini ikajaa maelekezo. Akayasoma yote, mstari kwa mstari.

"Mama yangu alizunguka pale hospitalini kwetu asubuhi nzima akitafuta chumba cha macho," alisema. "Hii ingemfikisha. Jumatatu uanze kazi, binti."

Chiriku aliruka akapiga ukelele, darasa likamfuata, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa mwalimu.