Mzabibu wa Ghorofa ya Saba

Mikono yao ilikutana juu ya pakiti moja ya mbegu za nyanya, katika Soko la Osh mjini Bishkek, mwishoni mwa Februari, theluji ikiyeyuka na kuwa tope jeusi miguuni mwa wateja.

"Niachie, kaka. Nimeishika kwanza," alisema Begimai, mfamasia mwenye koti la kijivu na kitambaa chekundu kichwani.

"Umeshika ncha tu, dada."

Mama muuza mbegu hakucheka. "Nyote mnakaa ghorofani? Basi iacheni. Nyanya hizo hurefuka kumzidi mtu. Chukueni zile fupi."

Mwanamume huyo aliitwa Taalai, fundi wa lifti, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi. Walipofika lango la soko walishajuana vya kutosha: Begimai alikuwa na mbegu tele na roshani isiyoona jua, Taalai alikuwa na jua la kutwa nzima, ghorofa ya saba, bila hata ndoo moja.

Wakakubaliana. Begimai ataotesha miche dirishani kwake, ndani ya maboksi ya maziwa. Taalai atatafuta vyombo. Simu zikawa za kila jioni.

"Ndoo za mayonezi umepata?"

"Sita. Jirani ananiuliza nakula nini humu ndani."

"Mwambie mpenzi wako anapenda saladi."

"Kumbe nina mpenzi?"

"Usinichoshe. Umezitoboa chini?"

Jumamosi moja katikati ya Machi, nyumbani kwake, Taalai alimwonyesha ramani ya roshani aliyoichora kwenye karatasi ya mraba. Begimai aliisoma amesimama. Figili. Saladi. Vitunguu vya majani. Shibiti.

"Nyanya zangu ziko wapi?"

"Zinachelewa kuiva."

"Zinaiva Julai. Hapa kila kitu kinaisha Mei. Mei kuna nini, Taalai?"

Taalai aliangalia soksi zake. "Kiwanda, Korea. Karibu miaka mitano. Nilifaulu mtihani wa lugha yao kabla sijakufahamu. Nilitaka nikuambie mkataba ukifika."

"Na mimi nikuoteshee miche arobaini."

Begimai alishuka ghorofa zote kwa ngazi. Lifti ilikuwa nzima, maana Taalai ndiye aliyeitengeneza, na ndiyo sababu hakuipanda.

Taalai hakuwa mwongo. Alikuwa mwoga, na tofauti hiyo haikumsaidia Begimai hata kidogo. Kwa siku tisa Begimai hakupokea simu zake. Miche ikarefuka shingo nyembamba, ikaegemea kioo cha baridi. Alitaka kuitupa. Kila asubuhi aliimwagilia.

Siku ya kumi Taalai aliingia duka la dawa akiwa amekumbatia pipa la bluu. Mkononi alikuwa na kijiti kikavu kilichofungwa kitambaa kibichi.

"Umeniletea kuni?"

"Mzabibu. Nimeukata uani kwa mama, Tokmok. Anasema pipa la lita sitini linatosha."

"Unazaa lini?"

"Mwaka huu majani. Mwakani majani. Zabibu mwaka wa tatu."

Begimai alihesabu miaka kwa vidole. Mzee aliyekuwa akisubiri dawa ya kikohozi naye akahesabu.

"Na Korea?"

"Nimewaandikia jana wampe mtu mwingine nafasi yangu. Lifti mbovu hapa haziishi."

"Siku ukija kunilaumu kwamba nilikuzuia, nitakutupa pamoja na pipa lako."

"Hukunizuia. Hukupokea hata simu."

Begimai alilipindua pipa. Chini palikuwa pazima, laini kama sahani.

"Mizizi itaoza. Toboa matundu matano, ya kuingia kidole."

"Hilo tu ndilo unaloniambia, mpenzi?"

Begimai alisogeza kitambaa chake chekundu nyuma ya masikio.

"Lingine ni la mama yako. Akija kunivisha hereni za uchumba kama mila ilivyo, asihangaike na sindano. Nimetobolewa tangu nina miaka sita."