Kiflama cha Wiki Sita

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na saba. Sina mke, sina mtoto, na katika nchi tatu nilizoishi hakuna mlango hata mmoja ninaoweza kuufungua bila kubisha hodi. Watu wakiniona na sanduku langu huniita msafiri. Msafiri! Ni jina la adabu tu wanalompa mtu asiye na pa kurudi...

Nilizaliwa Kilwa. Si ile Kilwa ya pwani; yetu iko kwenye Ziwa Mweru, na mtu wa kwetu huzaliwa na nyavu mkononi. Mimi nilisoma kwa mapadri mpaka mwaka wa tatu wa sekondari, kwa hiyo nikaona ziwa ni dogo na ndugu zangu ni washamba. Nikaondoka. Siku tano kwenye mashua, tukiupandisha mto Luapula mpaka Kasenga. Kutoka Kasenga, siku mbili juu ya lori la Mgiriki mmoja, nimekalia magunia yaliyofunika samaki na barafu. Barafu iliyeyuka, maji yakanipanda mpaka kiunoni. Niliingia Elisabethville nimelowa, nanuka samaki, na paka wa mtaa mzima wako nyuma yangu. Ndivyo msomi alivyopokelewa mjini!

Lakini sitaki kusema uongo. Mji ule ulinitendea mema. Nilipata kazi ya ukarani katika stoo ya kampuni moja. Nilipewa nyumba kambini, vyumba viwili vya matofali. Nilimwoa Honorine, binti wa Kiluba ambaye baba yake alitoka kaskazini kuja kujenga reli. Jioni moshi wa kiwanda ulikuwa unalala juu ya mapaa, akina mama wanasonga bukari, na mahali fulani mtu anajifunza gitaa bila kukata tamaa. Hadi leo nikifumba macho nauona mji ule. Nilikuwa na kila kitu. Nilikosa nini, basi?

Nilikosa Ulaya.

Inafaa mjue jambo moja. Kifaransa nilikijua. Lakini mapadri walionifundisha walikuwa Waflama, yaani Wabelgiji wa upande wa kaskazini, na walipotaka tusielewe waligeukia Kiflama chao. Mabwana wengi wa Elisabethville walikuwa hivyo hivyo. Kifaransa cha kutuamuru, Kiflama cha kutusengenya. Nami tangu utoto niliitamani lugha ile iliyofungwa, kama mtoto anavyotamani kabati lenye kufuli. Nilidhani ndani yake mna siri kubwa! Leo najua hamkuwa na siri yoyote. Walikuwa wanazungumza habari za viazi.

Siku moja Bwana Injinia, mkubwa wa idara yetu, alitangaza kwamba anakwenda likizo kwao kwa miezi tisa. Mama yake mzee alikuwa amekuja kumtembelea na angerudi pamoja naye na mkewe, Madamu. Mzee yule hakujua Kifaransa hata neno. Kwa hiyo Bwana alitaka mtu mweusi mmoja aliyesoma kidogo, msafi, anayeweza kusema Kiflama, ili amhudumie mama huyo melini na kule kijijini kwao.

Karani kwenda kuwa boyi! Wenzangu ofisini walicheka. Mimi sikucheka. Niliona meli.

Hapo ndipo anaingia Gaston. Alikuwa mtu wa makamo, anavaa kofia ya majani na fulana ya mistari, na kutwa alikaa mbele ya nyumba ya mama mmoja muuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, huko mtaa wa Kamalondo. Aliwahi kuwa mpishi wa Mflama mmoja tajiri kwa miaka tisa, na hilo lilikuwa kweli. Mengine yote aliyaongeza mwenyewe. Alidai Mflama huyo alimpeleka Anvers, mji wa kwao Ulaya, kwamba aliishi huko miaka miwili, na kwamba wazungu wa kule si kama hawa wa huku. “Bazungu ba kule banakunywa chai na miye mesa moya,” alisema, na sisi tukameza mate.

Alipoona watu wanamzunguka, akafungua darasa. Kiflama kwa wiki sita! Tulikuwa wanafunzi sita, kila Jumapili baada ya misa na siku mbili katikati ya wiki, sote tunaitamani nafasi ile ile, sote tunajifanya hatuitamani.

Na alifundishaje? Loo, sikilizeni. Hakutaka daftari. Alisema lugha iko mwilini. Alitamka neno, sisi tukalitenda. “Zit!” Tunakaa. “Blaif!” Tunabaki pale pale, hata nzi akitua puani. “Kom!” Tunamwendea. Anayekosea anarudishwa nyuma, anayepatia anaambiwa “braf”, yaani vizuri sana, na kupigwapigwa begani. Watu wazima! Watu wenye wake na watoto, suruali zimepigwa pasi kwa makaa, tunakaa na kusimama katika vumbi la Kamalondo kwa amri ya mpishi asiye na kazi. Na tulifurahi... Mungu wangu, tulifurahi! Nilikuwa wa kwanza darasani.

Alitufundisha pia salamu. Kumwamkia mkubwa, alisema, unanyoosha mkono na kusema “gef pot”, maana yake nipe mkono. Kumkaribisha kiti, “zit”. Kumsifu, “braf”. Kumtuliza mtu mwenye wasiwasi, “kust”. Siku moja mwenzetu aliuliza, nikitaka kusema nimechoka, nasemaje? Gaston alifikiri kidogo, akavuta sigara yake.

“Kule Ulaya habasemake vile,” akajibu.

Mwingine akauliza, nikitaka kusema sikuelewa? Hilo nalo Ulaya hawasemi. Na nikitaka kuuliza njia? Hilo pia. Nasi tukavutiwa sana na Ulaya, nchi ambayo watu hawachoki, wanaelewa kila kitu na hawapotei njia.

Honorine peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana. Aliniona nyumbani nikirudiarudia maneno yangu mbele ya kioo, akaacha kukunja nguo. “Na bwana yule akikuuliza kitu,” akasema, “utamujibu nini?”

Nilimtazama kwa dharau. Yeye alikuwa na miaka minne tu ya kusoma kwa masista. Nilimwambia mambo ya lugha za wazungu si kama kuchuma majani ya sombe. Hakurudia swali lake. Kosa hilo nalikiri mbele yenu.

Halafu nikafanya kosa kubwa kuliko hilo. Wiki ya tano nilimwendea mkubwa wa stoo, nikampa barua ya kuacha kazi. Hakuna aliyenisukuma. Nilitaka wenzangu wajue kabla ya wakati kwamba naenda Ulaya, nilitaka kuona nyuso zao! Na nyumba ya kambi ni ya kazi, si ya mtu. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Nilijua. Nikamwambia Honorine avumilie, nikirudi kutoka Ulaya tutapewa nyumba ya madirisha ya vioo.

Jumapili ya mwisho wa wiki ya sita niliitwa nyumbani kwa Bwana Injinia, kwa kuwa nilikuwa nimempelekea habari kwamba Kiflama nimekipata. Nilivaa koti jeupe la kuazima. Kwenye baraza yao walikuwepo wageni wanane hivi, keki mezani, chini ya meza amelala mbwa mkubwa wa kahawia. Mama mzee alikuwa kwenye kiti cha kamba, shali mabegani. Bwana akawaambia wageni kwa Kifaransa kwamba huyu ndiye karani aliyejifunza Kiflama mwenyewe kwa ajili ya kumhudumia mama. Watu wakanitazama kwa wema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazamwa hivyo na wazungu wengi kwa pamoja, na ya mwisho.

Nikamsogelea mzee. Nikainama. Nikanyoosha mkono na kusema kwa sauti safi, “Gef pot.”

Hakuupokea mkono wangu.

Nikadhani hakusikia, ni mzee. Nikaona pia anajaribu kuinuka, nami kwa adabu nikamwambia asijisumbue: “Zit. Zit.” Alipobaki ameduwaa, nikamtuliza: “Kust.” Na aliporudi kitini, nikamsifu. “Braf,” nikasema. “Braf.”

Ndipo mbwa alipotoka chini ya meza. Alikuja mbele yangu, akakaa kitako, akainua mguu wake wa mbele na kuuweka katika mkono wangu ulionyooshwa.

Wasomaji, mmewahi kusikia watu wanane wakicheka mpaka wanashika meza? Madamu alijifuta machozi kwa kitambaa cha keki. Mama mzee alivuta mikono yake ndani ya shali kana kwamba ningemnyang'anya. Nami nimesimama, nimeshika mguu wa mbwa, nimesahau kuuachia... Mbwa pekee ndiye aliyenichukulia kwa uzito.

Bwana alipopata pumzi alinieleza kwa Kifaransa, polepole, kama anayemwonea mtu huruma. “Pot” si mkono, ni mguu wa mnyama. “Kust” haambiwi mtu, huambiwa mbwa akibweka. Yote niliyosema ni maneno ya kufugia mbwa. Kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha.

Hapa pia nakiri. Ningeweza kunyamaza. Nilitaja jina la Gaston na mahali anapokaa, nikitumaini ataitwa, atatukanwa, pengine atapigwa. Ndivyo nilivyokuwa.

Kesho yake nilimwendea mwenyewe. Nilimkuta pale pale, kofia machoni. Nilimwambia yeye ni mwongo, mwizi, mshenzi, na hajawahi kufika Anvers. Alikubali kwamba hakufika. Treni yake ya mbali kabisa ilikuwa ya Sakania, pale mpakani. Lakini kuhusu maneno alikataa katakata kwamba alitudanganya.

“Njo maneno yenye balikuwa banaambia miye,” akasema. “Miye na imbwa. Yote mbili tulikuwa tunasikia, yote mbili tulikuwa tunafanya. Nani aliniambia asema iko ya imbwa tu?”

Miaka tisa! Miaka tisa jikoni mwa mtu, na lugha ya bwana wake aliyoipata ni ile iliyomtosha mbwa. Ningemhurumia, kama huruma ingekuwa imebaki. Nilitema mate chini, nikaondoka.

Wiki mbili baadaye nikapata habari iliyonimaliza. Bwana Injinia amepata mtu wa kwenda naye Ulaya. Ni nani? Gaston! Bwana alimwita kama nilivyotaka aitwe, akamjaribu. Akamwambia njoo, akaja. Baki, akabaki. Lete, akaleta. Hakuuliza neno, hakujibu neno. Madamu akasema huyo ndiye hasa wanayemhitaji. Mimi na ujinga wangu nilidhani wanatafuta mtu wa kuzungumza na mama mzee...

Na Gaston je? Alikwenda bila kuniambia. Alikuja mwenzetu mmoja wa darasani kunisimulia jinsi alivyopanda treni na koti jipya. Jamaa yule alikuwa bado anajifunza yale maneno ya Gaston barabarani. Nikamwacha aendelee.

Kazi yangu ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Mkubwa wa kambi alinipa siku tatu kutoka. Na habari za baraza ile zilikuwa zimekwisha kufika Kamalondo. Kila nilipopita, vijana walikaa kitako na kuniinulia mkono. Honorine alivumilia hayo wiki nzima, tukiwa tumehifadhiwa na jirani, kisha akachukua sufuria zake na kwenda kwa mama yake upande wa Kasungami, ambako mama huyo alikuwa akilima tangu mumewe afariki. Hakupiga kelele. Alisema anakwenda kuvuna mahindi. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa.

Nilikaa mwezi nikilala kwa marafiki, nikiona aibu kila asubuhi. Mwishowe nikaamua kuvuka mpaka kwenda Ndola, nikajifunze Kiingereza na kuanza upya. Asubuhi ya kuondoka nilitembea mpaka Kasungami kumchukua mke wangu.

Nilimkuta Honorine na mama yake wanamenya karanga. Nikawaambia mpango wangu. Nikasema treni ni saa nane mchana, nikasema Ndola kuna kazi, nikasema Kiingereza ni rahisi, mtu mwenye akili anakipata kwa miezi miwili.

Mama mkwe aliacha karanga zake. Alikuwa hajui Kiswahili zaidi ya salamu na bei za sokoni. Akaanza kunisemesha kwa Kiluba. Alisema kwa muda mrefu, bila hasira, macho yake usoni mwangu, na mara mbili aligusa kifua chake. Alipomaliza alingoja. Miaka mitatu nilikula kwa binti yake, na sikuwa nimejifunza hata neno la kumjibu mama huyu. Niliona Kiluba ni lugha ya watu wa shamba. Hakinipeleki mahali, nitajifunzia nini?

Nikamgeukia Honorine, nikamwomba anitafsirie.

“Uende kwa bale bakufundisha luga,” akasema. “Beko wengi.”

Nilimsihi. Nilimwuliza, mama anataka nikae au niende? Ananisamehe au ananilaani? Honorine alichukua ungo, akapepeta karanga zake, maganda yakaruka kati yetu.

Ndugu zangu mnaotaka kusafiri, nawaomba, msipite njia yangu. Akitokea mtu wa kukuahidi lugha kwa wiki sita, mwulize kwanza yeye mwenyewe aliwahi kumjibu nini mwenye lugha hiyo. Ukijua kutii tu, hujajua kusema. Na kabla hujatamani lugha ya mtu aliye ng'ambo ya bahari, tazama ni nani aliye jikoni mwako ambaye hujawahi kumwelewa!

Saa nane nilipanda treni peke yangu, nami sijarudi Elisabethville tena. Kiingereza nilikipata, na Kibemba, na Kinyanja, polepole, kwa kukosea na kuchekwa. Lakini maneno ya mama mkwe nimeyabeba sauti tupu. Kila nikutanapo na Mluba, Ndola, Broken Hill, popote, humkalisha na kumtamkia yale ninayokumbuka, nikimwomba aniambie maana yake. Wote husikiliza kwa makini. Wote hutikisa kichwa na kuniambia sitamki vizuri.