Mpokeaji Yupo

Nilikuwa naanua nguo kambani, giza linaanza kuingia, simu ikalia mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa kampuni inayotuletea gari. Nikalitupa begani gauni la mama mkwe, nikasoma.

*Gari limeshushwa melini. Mpokeaji yupo? Bonyeza 1 kwa Ndiyo, 2 kwa Hapana.*

Mpokeaji alikuwa mume wangu. Nilikuwa nimemzika wiki sita kabla.

Nikabonyeza 1.

Usinihukumu haraka. Mume wangu alikuwa fundi umeme, mtaani wakimwita Taratibu, kwa sababu hata chai aliinywa kama mtu aliyepewa siku nzima. Gari lile alilichagua kwa miezi. Lilikuwa la haibridi, lile unalolichomeka ukutani kama simu, na chaji ikiisha linaendelea kwa petroli. Likitembea kwa umeme halina mlio. "Nitawafikia mlangoni hamjasikia kitu," alikuwa akitutambia. Alilitaka kwa ajili ya mama yake, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka na mara tatu kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali kusafishwa damu, nasi kila safari tunabembeleza watu watupakie. Mimi na mama mkwe tukaanza kugombea kiti cha mbele kabla gari halijapanda hata melini. Yeye anasema mimi kijana, nikae nyuma. Mimi nasema mke ndiye hukaa mbele, akaulize popote. Taratibu anacheka tu, huku anafunga kisanduku cha kuchajia kwenye ukuta wa baraza.

Kisha akaanguka kazini, bisibisi mkononi. Moyo, wakasema. Hakufika hata hospitali.

Ningebonyeza 2, agizo lingesimama, nami ningeanza kuzunguka maofisini na cheti cha kifo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni mwingine. Dunia nzima ilikuwa imebaki na mahali pamoja tu panapouliza kama mume wangu yupo, na mimi nilitaka kujibu ndiyo.

Haukuwa ujumbe wao wa kwanza. Nilipojibu mara ya kwanza, meli ikiwa inaondoka, chumba chetu kilinuka waya ulioungua na sabuni yake ya kuogea. Nililia kwa furaha. Mara ya pili nikasikia bomba la bafuni likifunguliwa, likafungwa. Polepole, kama afanyavyo mtu anayehofia kuamsha wenzake. Nikaenda kuangalia. Sinki lilikuwa limelowa.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Nikainua macho kutoka kwenye simu.

Tk.

Kisanduku cha kuchajia kiliwaka taa ya bluu. Bluu maana yake kinachaji. Waya wake haukuwa umechomekwa popote, ulitakiwa uwe umelala sakafuni...

Haukuwa umelala. Ulikuwa umenyooka kuelekea uani, umekaza, kana kwamba ncha yake imeshikwa na mtu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi.

"Umewajibu nini?" akaninong'oneza.

"Nimewajibu yupo, mama."

"Na zile za nyuma?"

"Zote."

Akashusha pumzi. "Mtu akishazikwa hasemewi kwamba yupo, mwanangu. Anasikia. Kulala hawezi, kuja hawezi. Anabaki amesimama katikati." Akautazama ule waya. "Waandikie kwamba hayupo."

"Kesho, mama."

"Leo."

"Kesho."

Hakugomba. Alinishika mkono akaniomba tena, kwa sauti ndogo, mama mtu mzima ananiomba mimi. Yeye aliyemzaa alikuwa tayari kumwachia. Mimi niliyeishi naye miaka tisa sikuwa tayari, na niliona uchungu kwamba yeye anaweza.

Siku nne baadaye, jioni tena, niko jikoni nachambua mchele. Mama mkwe alikuwa amejilaza tangu mchana. Simu ikatetemeka mezani.

*Gari linatoka ghalani. Mpokeaji yupo?*

Niliangalia mlango wa chumba chake kama mwizi. Nikabonyeza 1.

Jibu likaja papo hapo. *Asante. Mpokeaji amekabidhiwa gari.* Chini yake palikuwa na sahihi. Ile ya mume wangu, yenye mkia mrefu unaorudi kupiga mstari chini ya jina.

Nikafungua ramani yao ya kufuatilia gari. Nukta ya gari ilikuwa imeshatoka ghalani. Ikapita barabara kuu. Ikakata kona ya duka la dawa. Ikaingia mtaa wetu, haina haraka...

Ikasimama mbele ya nyumba yetu.

Sikuwa nimesikia kitu.

Nilitoka mbio. Geti lilikuwa wazi na gari lilikuwa pale, taa zimezimwa, vioo vimeingia ukungu kwa ndani. Harufu ya waya ulioungua ilinijaa puani mpaka nikaionja mdomoni. Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe.

Ndani palikuwa giza. Kwenye usukani kulikuwa na mtu aliyeinamisha kichwa. Uso sikuuona. Niliona mikono, na ukucha wa dole gumba ulio mweusi, ule aliougonga kwa nyundo akifunga kile kisanduku.

"Nimechoka," akasema. Hakuwa na hasira. "Niambie niende. Au njoo."

Neno moja tu lilitakiwa. Nililiandaa. Nililifikisha mpaka kwenye ulimi. Nikamwangalia mume wangu alivyokaa, nikashindwa. Kwenda nikashindwa pia, maana nilikuwa naogopa kufa. Nikabaki nimesimama, nalia.

Nyuma yangu nikasikia mkongojo. Tok... tok... tok.

Mama mkwe alinipita kama hanioni. Alipofika kwenye mlango wa gari akageuka.

"Nilikwambia kiti hiki ni changu," akanong'ona, na nusura acheke.

"Mama, usipande. Nakuomba."

"Wewe hutaweza kumwambia. Na mimi siwezi kumwacha mwanangu amesimama."

Akanikabidhi mkongojo. Akapanda kama wapandavyo watu wenye magoti mabovu, akakaa kwanza, kisha akanyanyua miguu kwa mikono, mmoja mmoja. Yule wa kwenye usukani akainama, akamfungia mkanda. Mlango ukajifunga.

Gari likaondoka. Hata kokoto hazikulia.

Nilikimbilia chumbani kwake. Alikuwa kitandani, amelala chali, wa baridi kabisa. Daktari alisema figo zilishindwa, na kwamba amefariki tangu mchana, saa kadhaa kabla ule ujumbe haujaingia. Nilimsikiliza nikiwa bado nimeshika mkongojo. Baadaye dada aliyemwosha aliniita pembeni, akanionyesha alama nyekundu, pana kama vidole vitatu, iliyotoka begani ikapita kifuani hadi kwenye nyonga. Akaniuliza nani alimfunga marehemu.

Kampuni walisema gari halijachukuliwa na mtu, bado liko ghalani, na hawakunitumia ujumbe wowote siku ile. Walilileta juu ya lori baada ya siku kumi. Dereva aliomba radhi. Mkanda wa kiti cha abiria, alisema, wameukuta umefungwa na unagoma kufunguka, fundi wao atakuja. Nikamwambia asimsumbue fundi.

Gari liko uani. Sijalichomeka, na taa ya bluu haijawaka tena. Watu wakija kunipa pole husema nimeandamwa, kupoteza wawili kwa muda mfupi hivi. Nashukuru, nawapa chai. Kama ningesema ukweli mara moja tu, ningezika mtu mmoja.