Mlango wa Kumi na Saba

Mvua ilikuwa bado iko juu msituni, haijagusa shamba hata moja, lakini milango ya mfereji ilikwisha kuanza kujifunga. Ndivyo Kitangulizi, mtambo wa kugawa maji ya mfereji, kilivyofanya kazi mlimani mwaka ule wa 2091. Kilitazama saa sita mbele, kikapanga, kikachukua hatua moja tu, kisha kikatazama upya, kama mama anayepunguza kuni kabla uji haujafurika. Mvua za ghafla, magogo, mbuzi wanaovuka: yote kiliyaita misukosuko, na yote kiliyamudu. Mashamba ya chini hayakukosa maji tena.

Mhandisi Aikande, aliyekiunda, alibakiwa na msukosuko mmoja. Kwenye mlango wa kumi na saba, wakati wa zamu ya maji ya Mzee Eliamini, maji yalipotea bila mpangilio. Alikifundisha Kitangulizi kuukisia upotevu huo na kumfungia mzee mapema, ili wa chini wasipunjwe. Mstari wa mtiririko wa maji kwenye kioo cha kompyuta ukanyooka. Akapanda mlimani kujionea, moyo umejaa furaha.

Migomba ya Eliamini ilikuwa ya njano. Ng'ambo ya ua, miche ya kahawa ya Mama Ndeanka ilimeremeta.

"Shikamoo mzee. Maji yako yanakwenda wapi?"

"Marahaba. Si hayo unayaona?" Alionyesha miche kwa kidevu. "Mlango haufunguki bila kiganja cha mwenye zamu. Ndeanka kavunjika nyonga, yuko kitandani, zamu yake inapita bure. Basi nikipata nafasi natoa udongo kidogo hapa ukingoni, yanapita kwake."

"Lakini zamu yako siku hizi ni fupi."

"Fupi mno! Hayatoshi wawili."

"Ukampa yote?"

"Miche haina subira, mwanangu. Migomba imenizoea."

"Kwa nini hukusema?"

Mzee alicheka. "Nimwambie nani, mlango? Halafu Ndeanka asikie? Anadhani zamu yake inamfikia yenyewe, hata bila kiganja. Akijua ni yangu, ataikataa leo hii."

Aikande aliketi ukingoni, akafungua kompyuta yake ya mkononi. Alifuta neno *msukosuko*, akaandika *zamu mbili, mlango mmoja*. Kitangulizi kikauliza sababu. Akaandika: *jirani*.

Alhamisi iliyofuata Eliamini alifika na jembe, akakuta maji yanamsubiri, ya kutosha nyumba mbili. Aliyatazama kidogo. Kisha akainama, akatoa udongo kwa mkono wake, kama kawaida.