Dawa ya Kupe kwenye Sukuma Wiki

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Awien hubeba ndoo mbili za maji hadi kwenye matuta yaliyo nyuma ya nyumba yake huko Gurei, magharibi mwa Juba. Humwagilia sukuma wiki kwanza, kisha bamia. Mumewe, Majak, hunywa chai akiwa amesimama, halafu huondoka kwenda Hai Mauna, anakochomelea milango ya chuma. Binti yao, Atong, ana umri wa miaka minne. Yeye hufukuza mbuzi, na mbuzi hawamwogopi.

Awien na Majak walikulia Kenya. Mke alikulia Kitale, mume Kakuma. Waliporudi Juba walileta magodoro mawili, sufuria na mbegu za sukuma wiki.

Awien ana bustani ya pili. Yeye na wanawake wengine kumi hulima kwa pamoja kwenye kiwanja cha parokia. Parokia haiwatozi kitu. Iliwapa sharti moja tu: kila Jumatatu wapeleke kikapu cha mboga kwa chekechea ya kanisa, yenye watoto arobaini. Wakikosa Jumatatu mbili mfululizo, kiwanja atapewa mtu anayetaka kuchimba udongo wa matofali. Mahali palipochimbwa matofali hubaki shimo.

Mwezi wa Novemba, mvua zilipokuwa zikiishia, Jumatatu moja ilipita bila kikapu. Majani ya sukuma wiki yalikuwa yamejikunja na kunata. Chini ya kila jani walijaa wadudu wadogo wa kijivu, laini, wanene kama punje za mtama. Wadudu hao huitwa vidukari. Hufyonza maji ya jani mpaka linyauke. Walikuwa kwenye shamba la pamoja, na walikuwa nyumbani kwa Awien pia.

Sasa ilibaki Jumatatu moja.

Siku hizo nyumbani kulikuwa na mgeni. Kuach, baba mdogo wa Majak, alikuwa ametoka kwenye kambi ya ng'ombe kuja kutibiwa macho. Siku ya Alhamisi, Majak alimwonyesha jani lenye vidukari. Mzee alilisogeza karibu na jicho lake zima.

"Hawa ni kupe," alisema kwa Kidinka.

"Baba mdogo, kupe wanakaa kwa ng'ombe."

"Hawa ni kupe wa majani. Tazama. Wananyonya, wananenepa, wanaua. Kuna tofauti gani?"

Kuach alifungua mfuko wake na kutoa chupa ya soda. Ndani yake mlikuwa na majimaji ya rangi ya chai. Ilikuwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, aliyonunuliwa na jamaa yake na kupimiwa kutoka kwenye dumu kubwa.

"Dawa hii inaangusha kupe wa fahali," alisema. "Hawa wako watashindaje?"

Majak hakuona kasoro katika hoja hiyo. Alimimina dawa kwenye beseni la maji, na maji yakawa meupe kama maziwa. Akachovya fungu la nyasi na kunyunyizia matuta yote. Hakuvaa glavu. Hakufunika pua. Jioni macho yake yalitoa machozi na kichwa kikamuuma. Alisema ni moshi wa kuchomelea.

Asubuhi ya Ijumaa Awien aliinua jani. Vidukari wote walikuwa wamekufa. Aliinua la pili, la tatu, la kumi. Hakuna kilichotembea. Wiki mbili alikuwa amewaponda kwa vidole bila mafanikio, na sasa kazi yote ilikuwa imekwisha katika usiku mmoja.

Alichuma majani, akayakatakata na kuyabandika motoni kwa ajili ya chakula cha mchana, akamwachia Kuach aangalie moto. Kisha akachukua chupa yenye dawa iliyobaki na kwenda mbio kwenye shamba la pamoja.

Huko alimkuta Suzan Jubek akipalilia. Suzan ni jirani yake. Aliishi Uganda, Adjumani, miaka kumi na miwili, na huko alifundishwa kilimo cha mboga. Kiswahili chake ni cha huko.

"Suzan! Dada, tumepona!" Awien alisema akihema. "Nimepata dawa. Leo tunanyunyiza, Jumatatu tunachuma. Huyo mtu wa matofali atafute mahali pengine."

"Nipe mimi naona." Suzan alifungua kizibo, akanusa kwa mbali, akafunga haraka. "Hii natoka wapi?"

"Kwa baba mdogo wa Majak."

"Ile muzee ya ng'ombe?"

"Ndiyo. Imefanya kazi, nakuambia. Kwangu hakuna hata mmoja amebaki."

"Mama Atong, hii dawa ya ng'ombe! Mimi najua harufu yake. Ng'ombe naogeshwa, lakini nani nakula ngozi yake siku hiyo? Hakuna. Sasa wewe naweka kwa majani, halafu Jumatatu napeleka kwa watoto arobaini?"

"Si tutaosha?"

"Utaosha nini? Ingine naingia ndani ya jani. Maji haitoi." Suzan akamtazama. "Wewe ulinyunyiza lini?"

"Jana. Na leo asubuhi nili..." Awien hakumaliza. Aliacha chupa chini, akakimbia.

Alipofika nyumbani sufuria ilikuwa ikichemka. Kuach alikuwa amekaa kando ya moto, na Atong alikuwa ameshika sahani akisubiri. Sahani ilikuwa tupu. Awien aliiangalia mara mbili. Kisha akatoa sufuria motoni kwa mikono mitupu, na hakuhisi joto mpaka baadaye.

"Umeonja?" alimuuliza mtoto.

"Babu alikataa. Alisema haijaiva."

Suzan alifika nyuma yake na chupa. Aliongoza kazi iliyofuata, na kila hatua aliieleza. Mboga iliyopikwa ilizikwa kwenye shimo la kina, ili mbuzi wasiifikie. Matuta yote ya nyumbani yalikatwa majani, nayo yakazikwa. Vikabaki vishina vitupu vinavyoweza kuchipua tena. Chupa ilifungwa na kurudishwa kwa Kuach, mwenye ng'ombe.

"Na chupa ya soda haiwekwi dawa," Suzan alisema. "Mutoto naona soda, nakunywa. Dawa nakaa kwa chupa yake, na karatasi yake, juu, mahali mutoto hafiki."

Majak alipigiwa simu. Alirudi akitokwa jasho na mate mengi. Suzan alimwambia avue nguo, aoge kwa sabuni tangu kichwani, kisha aende kwenye zahanati. Tabibu alimuuliza jina la dawa. Majak hakulijua, kwa kuwa chupa ya soda haikuwa na maandishi ya dawa. Tabibu alilazimika kumweka kitandani na kumwangalia mpaka jioni. Siku iliyofuata alikuwa mzima.

Lakini Jumatatu ilikuwa palepale.

Jumamosi asubuhi wanawake wote walikutana kwenye kiwanja cha parokia. Majak naye alikuja, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kwenda kazini. Awien aliuliza swali moja tu.

"Sasa tufanye nini? Dawa hapana. Siku tunazo mbili."

Suzan aliinama kwenye tuta la tatu na kugeuza jani taratibu. "Kwanza muone hii. Yala, shemeji, kuja. Wewe naamini dawa, basi uone mwenyewe."

Kati ya vidukari alikuwepo mdudu mwingine. Alikuwa mrefu kidogo, mweusi, mwenye madoa ya rangi ya machungwa na miguu sita. Umbo lake lilikuwa la mamba, lakini urefu wake ulikuwa chini ya punje ya mchele.

"Huyu ndiye mama yao," Majak alisema. "Ponda."

"Wee! Usiguse. Angalia tu."

Majak aliangalia. Mdudu yule alisogea, akamshika kidukari kwa taya, akamwinua juu. Kidukari alipiga miguu hewani. Kisha akaanza kupungua. Alinywea mpaka ikabaki ngozi tupu, nyeupe. Mdudu mweusi akaiacha, akapiga hatua mbili, akamshika mwingine.

Majak alichuchumaa. Safari hii hakutaka kuamini mpaka apime mwenyewe. Alitoa simu, akaangalia saa, akaanza kuhesabu. Katika nusu saa mdudu yule alikula vidukari tisa. Hakupumzika. Hakuna aliyemfundisha, wala aliyemtuma.

"Huyu ni mutoto," Suzan alieleza. "Akikua nakuwa ile mdudu ya muviringo, nyekundu, ya madoa nyeusi. Wewe naijua."

"Ile Atong anachezea?"

"Hiyo. Mama nataga mayai pale vidukari iko, ili mutoto akizaliwa akute chakula. Sasa ukimwaga dawa ya kupe, nani nakufa?"

"Wote," Majak alisema.

Wanawake walianza kugeuza majani kwa hadhari ya watu walioingia nyumba ya mwingine. Waliona mayai ya manjano, yamesimama wima kwa safu. Waliona vidukari waliovimba, wakakauka na kugeuka rangi ya shaba, kila mmoja akiwa na tundu la duara mgongoni. Suzan alieleza kwamba nyigu mdogo kuliko sisimizi hutaga yai ndani ya kidukari, na mtoto wa nyigu hula kila kitu, kisha hutoboa tundu na kuruka. Mwanamke mmoja, Nyagach, alijishika kifua. Miaka miwili alikuwa amelima pale bila kujua kwamba chini ya kila jani palikuwa na vita.

"Ni ajabu," Awien alisema. "Lakini ajabu haijazi kikapu."

"Kweli," Suzan alijibu. "Hawa nakula polepole. Sisi nasaidia."

Waliligawa shamba. Matuta yenye wadudu wale weusi hayakuguswa. Kwenye matuta mengine, majani yaliyojikunja yalichumwa na kuzikwa. Majani yaliyobaki yalioshwa kwa maji ya sabuni: kijiko kimoja cha sabuni ya mche iliyokunwa katika lita tano za maji. Sabuni ya unga haikutumiwa, kwa kuwa huunguza majani. Kazi ilifanywa kabla ya jua kali, upande wa chini wa kila jani, na baada ya saa moja majani yalisuuzwa kwa maji matupu.

Jua lilipoanza kuwaka sabuni iliisha, na matuta kumi yalikuwa bado. Kuach alikuwa amekuja na Atong kuleta maji ya kunywa. Tangu Ijumaa alikuwa hasemi mengi. Aliuliza Majak kinachoendelea, kisha akasema kwa Kidinka:

"Kambini tunachoma samadi kavu. Tunajipaka majivu yake, mbu wanatuacha. Sijui kama majani yanapenda majivu. Mimi nimeshakosea mara moja."

Majak alitafsiri. Suzan alipiga makofi.

"Muzee, hapo sasa umesema! Majivu nakausha hawa wadudu laini. Lakini nyembamba tu, kama poda ya mutoto, na si pale askari wetu iko. Majivu haichagui."

Samadi ilipatikana kwa wauza ng'ombe, barabara ya sokoni. Kuach mwenyewe aliichoma, akaipoza, akaichekecha kwa kitambaa. Hakumruhusu mtu mwingine kuinyunyiza. Mkono wake ulipita juu ya majani kama mkono wa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, na ndivyo ilivyokuwa. Majani tu ndiyo yalikuwa mapya.

Jumatatu asubuhi walichuma. Waliosha kila jani mara tatu. Majani mengine yalikuwa na matundu, na kikapu hakikujaa mpaka juu. Awien alikibeba kichwani hadi chekechea. Katibu wa parokia alikitazama. Alichukua jani moja na kuligeuza.

"Lina matundu," alisema.

"Ndiyo, katibu. Wadudu wamekula kidogo. Maana yake na mtu anaweza kula."

Katibu aliandika tarehe kwenye daftari lake, na mtu wa matofali hakupata kiwanja.

Wiki tatu baadaye, sukuma wiki ya nyumbani ilikuwa imechipua majani mapya. Siku moja Awien alimwita mumewe. Vidukari walikuwa wamerudi, wengi kuliko mwanzo. Majak aligeuza majani yote, tuta kwa tuta, akitafuta mdudu mweusi. Hakumwona hata mmoja. Kwenye shamba la pamoja, ambako dawa haikumwagwa, vidukari walikuwa wamebaki wachache mno kiasi cha kuhesabika.

"Dawa iliua walinzi," Majak alisema. "Wezi wamerudi kwanza."

Hakwenda kazini asubuhi hiyo. Alikwenda kwenye kiwanja cha parokia na kuomba ruhusa kwa wanawake, kama mtu anayekwenda kuposa. Suzan alimcheka mbele ya wote.

"Shemeji, wewe nataka mdudu? Ile ulisema ponda?"

"Malesh, mama, nisamehe. Nipe kumi tu."

Alipewa kumi na wanne, juu ya majani yao, ndani ya kikombe kilichofunikwa kwa kitambaa chepesi. Alitembea Gurei yote akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Bodaboda alipopiga honi nyuma yake, Majak alijitenga kando ya barabara na kusubiri vumbi litulie.

Nyumbani aliweka jani moja juu ya kila tuta. Awien na Kuach walichuchumaa karibu naye. Mdudu wa kwanza alikaa bila kusogea. Kisha akainua kichwa, akapanda kwenye jani jipya, akafika kwa kidukari wa kwanza.

"Nyamazeni," Majak alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amesema neno.