Chemchemi Chini ya Klabu

Kichwa cha nguruwe mwitu kilichotundikwa juu ya kiti cha mwenyekiti kilianza kudondosha maji puani. Lakhdar alikipangusa kwa leso, akainusa. Tope la ziwani. Na nguruwe yule aliuawa kabla yeye hajazaliwa.

"Paa linavuja," alisema Bujemaa, katibu wa klabu, macho kwenye bunduki aliyokuwa akiisafisha.

"Mvua ya kuvuja iko wapi, Bujemaa?"

Klabu ya Wawindaji na Wavuvi ilijengwa na walowezi wa Kifaransa juu ya chemchemi ambako wanawake wa mji ule wa Algeria waliwatilia unga na hina wenye maji, roho zilizokaa humo. Enzi hizo baba yake Lakhdar aliwabebea Wafaransa bata waliowawinda, akaishia mlangoni. Uhuru ulipopatikana, yeye na wenzake waliingia na viatu vyao vya tope wakakalia viti. Kitu kimoja hawakukigusa: tundu la chemchemi katikati ya ukumbi, lililopewa bata wa kwanza wa kila msimu. Vuli ile Lakhdar, mwenyekiti sasa, alichoshwa na unyevu. Akaliziba kwa saruji.

Huria, binti yake wa pekee, alikuwa akiwapelekea wanachama kahawa sinia lilipomponyoka. Alilala kifudifudi, sikio kwenye saruji mbichi.

"Wanagonga," alinong'ona. "Baba, hamsikii?"

Tangu hapo hakula. Madaktari hawakuona kitu. Nywele zake hazikukauka hata akikalishwa kando ya moto, na kila alipopumua chumba kilinuka matete yaliyooza, na mchana kweupe, mlango umefungwa, baba yake alisikia ndani kishindo cha mbawa nyingi zikipiga maji, akaufungua akamkuta mwanawe amekaa peke yake, amemkazia macho yasiyopepesa.

Sheikh Tijani alikuja akasoma mpaka sauti ikamkauka. Ndipo kinywani mwa Huria ikatoka sauti ya mzee.

"Mmetufungia mlango. Baridi imeingia. Tumepata nyumba nyingine."

"Tokeni, kwa jina la Mwenyezi Mungu!"

"Tutoke twende wapi, sheikh?"

Sheikh alishusha pumzi. "Lakhdar, ndugu yangu, aliyefukuzwa kwake hafukuziki tena. Kaivunje ile saruji."

Wanachama walikuwa wamekwisha kusikia. Bujemaa alisimama katikati ya ukumbi, mikono ameitanua.

"Baba yako alibeba bata wa watu maisha yake yote ili tukae humu! Uubomoe kwa wazimu wa msichana? Mpeleke hospitali!"

"Nimempeleka! Nimempeleka kila mahali!" Lakhdar alikuwa akilia kama mtoto. "Nipishe, nakuomba. Sina mwingine. Sina mwingine, Bujemaa!"

Alimsukuma, akainua nyundo. Alipiga hadi viganja vikachubuka, akapiga tena huku wenzake wakimlaani yeye na ukoo wake, na saruji ilipopasuka maji meusi yaliruka kama kitu kilichokuwa kimebana pumzi, yakawafika magotini, yakavuta viti na bunduki, na ukuta wa upande wa ziwa ukainama taratibu huku wanaume wale hodari wakikanyagana mlangoni.

Nyumbani alimkuta Huria amekaa, nywele kavu.

"Baba, nina njaa."

Alimmegea mkate. Sheikh Tijani alifunga msahafu, akamshukuru Mungu.

"Ameondoka, mwanangu?" aliuliza Lakhdar. "Huyo aliyekuwa ndani yako?"

"Hakuwa mmoja, baba." Huria alitafuna polepole. "Walikuwa kundi. Mlango ulipofunguka, wazee walirudi majini. Vijana wao hawakutaka."

"Wakaenda wapi?"

Huria aliinamisha kichwa kuelekea mlangoni. Alikuwa akisikiliza. Nje kichochoroni wawindaji walikuwa wakirejea makwao, milango ikifunguka mmoja baada ya mwingine, na wake zao walisikika wakiwapokea:

"Karibu, mume wangu. Ingia, ingia. Mbona umelowa hivyo?"