Ritifaa ya Tumpe

Kila Jumamosi asubuhi, akishaosha vyombo na kufagia uwanja, Tumpe alikaa sebuleni na kompyuta ya baba yake. Baba yake, Bwana Jailos, alikuwa afisa mifugo hapo Uyole, na wafugaji wote walimwita daktari. Alimpa Tumpe tangazo la wiki, naye Tumpe akalipitisha kwenye programu aliyoiandika mwenyewe. Programu ilikata tangazo neno kwa neno, ikalipanga liwe ujumbe mfupi, kisha ikawatumia wafugaji kwenye simu zao. Tumpe alikuwa darasa la saba tu. Aliyemfundisha kazi hiyo ni binamu yake Philbert, mtoto wa shangazi Juliana, aliyekuwa akisoma chuo huko Iringa.

Mwezi wa tano mambo yaliharibika. Baba aliandika: "Ng'ombe wenye mimba wasiletwe kwenye chanjo. Ng'ombe wengine wote waletwe Jumanne." Jumanne ilipofika, Mzee Masumbuko alitokea akimswaga ng'ombe wake mwenye mimba kubwa. Walikuwa wamepanda na kushuka vilima tangu alfajiri. Ng'ombe alikuwa hoi. Alipofika tu kwenye josho, akalala chini.

"Mzee wangu, nilisema wenye mimba wasije," Bwana Jailos alimwambia.

"Daktari, mimi nimefuata maneno yako." Mzee akatoa simu yake. Ujumbe ulisomeka: "Ngombe wengine wote waletwe Jumanne." Basi.

Ng'ombe alinyweshwa maji, akapumzishwa hadi akapata nguvu. Lakini baba alirudi nyumbani amenuna. "Tumpe, watu hawa wananiamini," alisema. "Kama programu yako inakula maneno, tuiache."

Tumpe aliisoma programu yake mstari kwa mstari, asione kosa. Likizo ya mwezi wa sita ilipofika, akapanda basi kwenda Iringa kwa shangazi.

"Kosa ni lako tu," Philbert alimwambia huku akicheka. "Lugha hii ya kuandikia programu inatumiwa dunia nzima. Unadhani ingekuwa na kasoro wasingeiona?"

Tumpe hakubishana naye. Alikaa mezani akajaribu sentensi moja baada ya nyingine. Sentensi za mbuzi zilipita salama, za kondoo vilevile. Sentensi iliyotaja ng'ombe mara mbili ilimezwa katikati. Akaondoa ng'ombe, akaweka "ng'ambo" na "ng'oa". Nayo ikamezwa. Hapo akaelewa kuwa ng'ombe hana kosa. Tatizo lilikuwa ritifaa, kile kialama kinachokaa juu baada ya herufi "ng".

Kila lugha ya programu ina maktaba yake, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari ili kila mtu avitumie. Kipande cha kukata maneno kilikuwa humo. Walioandika kipande hicho walidhani kila ritifaa ni alama ya kunukuu: ya kwanza inafungua nukuu, ya pili inaifunga. Kwa hiyo chochote kilichokaa kati ya ng'ombe wa kwanza na ng'ombe wa pili kilitengwa kama maneno ya kunukuliwa, kikapotea.

Tumpe akaandika marekebisho: ritifaa ikiwa na herufi kabla yake na herufi baada yake, basi ni sehemu ya neno. Akaandaa pia sentensi nyingi za kuyapima.

Philbert aliitazama kazi ile kwa muda mrefu. Safari hii hakucheka. "Umeipata, mdogo wangu. Niachie niitume kwa watunzaji wa lugha hii ya programu, maana umri wako haukuruhusu kujisajili kwao. Nitaandika majina yetu sote wawili, la kwako litangulie."

Tumpe alikubali papo hapo. Philbert ndiye aliyemfundisha hata kuwasha kompyuta. Kama asingemwamini yeye, angemwamini nani?

Shule zilipofunguliwa, Mwalimu Obeid, anayefundisha kompyuta, aliingia darasani na habari. "Toleo jipya la lugha yetu ya programu limetoka," alisema. "Sasa linasoma neno ng'ombe vizuri, na aliyelirekebisha ni kijana wa hapahapa Nyanda za Juu, yuko Iringa." Darasa zima likapiga makofi. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na jina la Philbert, yeye peke yake.

Tumpe naye alipiga makofi, maana wote walikuwa wakipiga.

"Wewe si una ndugu Iringa?" aliuliza Anord, aliyekaa naye dawati moja. "Unamfahamu?"

"Nilidhani namfahamu," Tumpe alijibu.

Jioni aliomba simu ya mama yake, akapiga.

"Kamwene, mtaalamu wangu," Philbert alimsalimu kwa furaha.

"Kaka, jina langu sijaliona."

"Unajua, ile programu niliisafisha mimi. Halafu wewe bado mtoto, jina litakusaidia nini sasa hivi? Mimi natafuta kazi. Hata chuoni niliitwa niongee mbele ya wanafunzi wote. Ukikua utaelewa."

"Uliniahidi."

"Tumpe, usikuze mambo. Sisi ni familia."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma zaidi. Angeibiwa na mgeni, angelia akamaliza. Huyu alikuwa mtu aliyempokea stendi, akambebea begi, akamtania mezani mbele ya shangazi. Tumpe alianza kujiuliza kama hata vile vicheko vilikuwa vya kweli. Jumamosi ilipofika, baba alimpa tena tangazo, maana programu ilikuwa imeshapona, lakini Tumpe alisema kichwa kinamuuma. Hakuigusa kompyuta.

Baada ya muda Philbert alipiga simu mwenyewe, sauti imemwishia. Katika kuisafisha ile programu, alikuwa ameondoa sharti la herufi kabla ya ritifaa. Sasa watu wakinukuu maneno kwelikweli, programu ilichanganyikiwa, na watunzaji wa lugha walimtaka aeleze. "Nitumie zile sentensi zako za kupimia," aliomba. "Haraka, tafadhali."

"Waambie waniulize mimi," Tumpe alisema, akakata simu.

Aligeuka akamkuta baba yake mlangoni. Ikabidi aseme yote, na aliyasema huku akilia.

"Kwa nini ulinificha?" baba aliuliza.

"Niliogopa utasema ni mambo ya ndugu, tuyamalize kimyakimya."

Bwana Jailos alijua kwamba pengine angesema hivyohivyo.

Mwisho wa wiki walisafiri wote wawili hadi Iringa. Shangazi Juliana aliwapokea kwa bashasha, lakini aliposikia kilichowaleta, aliacha mapishi akamwita mwanawe.

"Ni kweli?" alimuuliza.

"Mama, mimi nilitaka tu..."

"Nimeuliza kama ni kweli."

"Ni kweli," Philbert alisema, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Hapa sebuleni tuko wanne," Bwana Jailos alisema kwa upole. "Waliokupigia makofi chuoni walikuwa wanne?"

Philbert alielewa. Siku hiyohiyo aliwaandikia watunzaji wa lugha ukweli wote, na Tumpe, akiwa kando yake, akaeleza sharti lililoondolewa na sababu yake. Wiki iliyofuata Philbert alisimama katika ukumbi uleule wa chuo, akawaambia wanafunzi kwamba kazi waliyomsifia iliandikwa na binti wa darasa la saba wa Uyole. Safari hii hakuna aliyempigia makofi. Toleo lililofuata la lugha lilitoka likiwa na jina la Tumpe, na matangazo ya chanjo yakaanza tena kuwafikia wafugaji bila kupungua neno.

Siku moja Philbert alipiga simu kuwajulia hali. Tumpe alimsalimu kwa heshima, kisha akampa mama yake simu. Baba aliona.

"Hujamsamehe?" alimuuliza.

"Nimemsamehe, baba. Ila nikibuni kitu kipya, siwezi kumwambia."

Bwana Jailos alivuta kigoda akakaa karibu naye. "Si vibaya, mwanangu. Msamaha umeutoa wewe. Uaminifu ataufanyia kazi yeye, na huenda ikamchukua miaka. Lakini na wewe shika hili, maana kesho utakuwa mkubwa na kutakuwa na mdogo anayekuamini. Kazi ya mtu ni jina lake. Ukiichukua ukaiita yako umemwibia, hata kama ni ndugu yako, hata kama ni mtoto. Na jina la mtu halirudishwi chumbani. Linarudishwa mbele ya walewale uliowadanganya."

"Nimesikia, baba," Tumpe alisema.

"Haya. Wafugaji wanangoja tangazo."

Tumpe akaivuta kompyuta karibu, akaanza kuandika.